Papa Amefika Kasulu

Jumatatu, 2 Juni

Wiki ya tatu ya ndoa. Godson bado ananitilia dawa kwenye mswaki kila asubuhi. Leo kaniambia nimependeza, nami nilikuwa na kitenge cha jikoni chenye masizi.

Habari mbaya. Bosi wake, Dakta Loyce, anakuja wiki ijayo. Utafiti wao ni wa papa wa pwani, wanaopungua kwa kuvuliwa ovyo. Wanataka kujua nyama yao kavu inasafirishwa mpaka wapi, na ya papa wa aina gani, ili wajue nani alindwe kwanza. Godson amezunguka masoko ya Kasulu na Kibondo miezi mitano. Dagaa. Migebuka. Sangara. Papa hakuna. Nani huku kwetu anakula papa?

Lakini nimewaza. Asipopatikana papa, kituo chao cha utafiti hapa Kasulu kitafungwa na mume wangu atarudishwa Tanga, kwenye bweni la watafiti, wanaume peke yao. Mimi nibaki kukumbatia mto kitandani.

Haitatokea. Papa atapatikana. Nimempigia simu Valeria, niliyesoma naye sekondari. Kaolewa Tanga.

Alhamisi, 5 Juni

Mzigo umefika kwa basi. Papa mkavu mmoja, urefu wa mkono wangu, hana kichwa. Anafaa kabisa. Harufu ni ya choo cha stendi. Nikamficha chini ya kitanda. Godson akauliza nini kinanuka. Nikasema ni dawa ya uzazi, kutoka kwa shangazi Esteri wa Mabamba. Macho yakamlengalenga machozi. Akasema tukipata wa kike tumwite Esteri. Nampenda mpaka naona aibu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemkata papa vipande vinne kwa panga. Nikaaga kwamba nakwenda kumshukuru shangazi. Binamu yangu Kipriani akanizungusha kwa bodaboda kutwa: Mabamba, Makere, Kagerankanda, mwisho soko la Kasulu. Kila soko, kipande kimoja kwa muuza samaki mmoja. Mtafiti akipita, aseme mzigo umetoka pwani. Jambo ambalo ni kweli.

Wote walikubali bila maneno isipokuwa Mama Manirambona wa hapa Kasulu, ambaye tangu harusi yetu anatangaza kwamba pilau ilikosa nyama. Alikigeuza kipande, akauliza kama ni samaki au soli ya buti la askari. Nikamwambia wasomi hula hivyo. Akasema haya, bibi harusi, kiweke kule mwisho, kisiniharibie migebuka.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi. Godson kaingia ndani akaninyanyua juu. Papa, masoko yote manne! Kakata vinyama vidogo akavitia kwenye vichupa vya spiriti, vikapimwe vinasaba. Vipande vilivyobaki kavinunua. Kampigia Dakta simu papo hapo. Kuna wake wanaowasaidia waume zao kwa kufua tu.

Alhamisi, 12 Juni

Dakta Loyce amefika. Nilipika ugali wa muhogo na kuku. Hakugusa. Alivipanga vipande kwenye meza yangu, akavitazama, akavisogeza. Cha Makere kikakaa sawasawa na cha Mabamba. Cha Kasulu kikafuata. Papa mzima akalala mezani, kakosa kichwa tu. Akasema hii haihitaji hata maabara, samaki mmoja kauzwa wilaya mbili. Kisha akampitishia papa kidole mgongoni, akasema taratibu kwamba huyu alikuwa mtoto bado, hajazaa hata mara moja.

Godson aligeuka rangi ya majivu. Dakta akamuuliza kama anajua mtafiti anayeghushi hupelekwa wapi. Mama Manirambona, aliyekuja kuchukua sahani alizotuazima kwa harusi, akadakia mlangoni: "Msimwonee shemeji. Samaki kaleta bibi harusi, na meza yangu mpaka leo wateja wanaipita kwa mbali."

Nikaeleza yote, pamoja na mapenzi yenyewe. Dakta alisikiliza hadi mwisho. Akasema kukosekana kwa papa Kasulu nalo lilikuwa jibu, tena kubwa, na alikuja kumwambia Godson abaki hapa mwaka mzima alithibitishe. Sasa masoko nimeyachafua. Hakuna atakayeamini jibu la huku. Godson hafukuzwi, ila Jumatatu anahamia Tanga.

Jumapili, 15 Juni

Godson amenisamehe. Amesema wake wa wenzake huwapelekea waume chai kazini, yeye mkewe kampelekea papa. Tulicheka, nikalia, akanifuta kwa shati lake. Akataka niahidi kwamba sitagusa papa tena. Nimeahidi. Ahadi kwa mume ni kitu kitakatifu.

Sasa kaenda kukata tiketi. Kipriani naye kaenda kupakia gunia la migebuka kwenye basi la leo. Valeria atalipokea na kuligawa soko zima la Tanga. Watafiti watajiuliza samaki wa Ziwa Tanganyika kafikaje pwani. Lazima watume mtu Kigoma kuchunguza. Na nani anayajua masoko ya huku kuliko mume wangu?