Wiki ya Kumngoja Mkaguzi wa Bangi

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mkaguzi anakuja. Habari imeletwa na Wendell Peltier, mwenye duka la bangi lililo ng'ambo ya barabara, ambaye alivuka matope ya theluji na ndara zake za nyumbani ili tu aniambie. Ijumaa mkaguzi alikuwa mji wa jirani. Alifunga duka moja siku kumi na nne. Wendell akasema, "Jirani, weka mambo yako sawa." Alisema kwa upole. Sipendi upole wa Wendell. Ni upole wa mtu ambaye mambo yake yako sawa.

Nchini kwetu bangi huuzwa kwa leseni ya serikali; mji wetu una watu elfu mbili, maduka mawili ya bangi na hauna daktari wa meno. Kiwanda cha karatasi, nilikokuwa fundi kwa miaka ishirini na sita, kilifungwa. Nina miaka sitini na moja. Duka hili likifungwa hakuna mahali pengine patakaponitaka. Wala hapatamtaka Bi Odile Charbonneau, msaidizi wangu, aliyekuwa mkutubi wa shule na ambaye huuza misokoto kwa sauti ileile aliyoazimishia watoto vitabu.

Bi Odile alichukua orodha ya masharti ya serikali, akalizunguka duka, akarudi na kasoro tatu. Moja: karatasi ya ukungu imebanduka pembeni mwa dirisha, na mtoto yeyote apitaye nje anaona bidhaa. Sheria hairuhusu. Mbili: kamera ya mlango wa nyuma ilipigwa na theluji iliyoporomoka kutoka kwenye paa, sasa inatazama mbinguni. Tatu: mimi mwenyewe sijafanya masomo ya lazima ya wauzaji, ya muda wa saa nne kwenye kompyuta na mtihani juu yake.

Akasema ni kazi ya siku tatu, kasoro moja kwa siku, tuanze sasa hivi. Nikamshukuru. Ni mwanamke mwema, ila haoni mbali. Nimekaa na kalamu mpaka saa ya kufunga na nimepata njia fupi zaidi.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Dirisha limeshughulikiwa bila kugusa dirisha. Saa mbili asubuhi nililiegesha gari langu la mizigo ubavu kwa ubavu na duka, karibu kiasi kwamba hata paka asingeweza kuchungulia. Nikasimama kando nikatazama. Kazi safi.

Saa tatu likapita tingatinga la mji la kusafisha theluji. Dereva alilikwepa gari langu kwa ustadi na theluji yote ya barabara akaisukumia mlangoni kwangu. Kufikia saa nne duka langu lilikuwa kichuguu cheupe chenye antena. Tulikuwa ndani, mimi na Bi Odile. Alisoma kitabu. Alivyokuwa akifungua kurasa nilielewa yote.

Wateja siku nzima: wawili, na mmoja alikuwa anauliza kama tumekufa.

Aliyetufukua ni Wendell. Alikuja na koleo lake mwenyewe, akachimba dakika arobaini, akanitoa kwa kunishika mkono. Akaniuliza kwa nini nimeegesha pale. Nikamwambia breki zimekufa. Akajitolea kuzitazama. Nikasema zimefufuka.

Nashukuru, kwa kweli. Ila ningeshukuru zaidi kama angechimba mtu mwingine.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Leo nilimkamata mkaguzi.

Aliingia saa tano, mwanamume wa makamo, koti la kijivu, mkoba wa ngozi, kalamu mbili mfukoni. Hakutazama bidhaa hata moja. Alitazama kuta. Mteja gani hutazama kuta? Bi Odile alikuwa ameenda posta, kwa hiyo nilikuwa huru kutumia akili.

Nilimkalisha. Nilimpa kahawa na mkate wa iliki niliouoka kwa namna ya marehemu mama yangu, ule wa kusukwa, wenye sukari ya chengachenga juu. Alikula vipande vinne. Nikaona uso wake umelainika, nikaamua kumkiria kila kitu kabla hajagundua, maana mtu huona haya kumwadhibu aliyeungama. Nikamweleza dirisha. Nikamweleza kamera. Nikamweleza kwamba sijafanya mtihani kwa sababu naogopa kushindwa mbele ya Bi Odile, jambo ambalo sijamwambia mtu. Alitikisa kichwa kwa huruma kila nilipotua. Nilikaribia kulia.

Bi Odile akarudi, akamwuliza mgeni kwa sauti ya juu kama anahitaji msaada. Mgeni akaomba radhi, akatoa kitu sikioni, akakigonga mezani. Akasema betri imekufa tangu asubuhi na hajasikia lolote tangu alipoingia, ila mkate ni mtamu sana. Anaitwa Ostrander. Anauza vifaa vya kusaidia kusikia. Alikuwa anatafuta mahali pa kubandika tangazo lake.

Nashukuru kwamba siri zangu zimeangukia sikio lile. Nilimruhusu abandike tangazo.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Usiku wa kuamkia leo nimepata wazo kubwa kuliko yote. Mkaguzi ni binadamu. Ana miguu, ana saa za kazi, na anarudi ofisini kwake mjini Thunder Bay kabla giza halijaingia. Akiitumia siku yake yote kwa Wendell, kwangu atafika amechoka, atapiga chafya mlangoni na kwenda zake.

Basi nimetuma malalamiko. Kuna fomu kwenye tovuti ya wakaguzi, na mtu halazimiki kuandika jina. Shida ikawa kwamba Wendell hana kasoro yoyote ninayoijua. Nilikaa nusu saa bila kupata hata moja. Mwishowe nikaandika nilizozijua: dirisha limebanduka pembeni, kamera ya nyuma inatazama mbinguni. Nikatia sahihi, "Raia mwema, mwenye duka la jirani lililo safi sana."

Walitaka pia nambari ya nyumba. Nikampigia simu Wendell, nikamwuliza kwa ujanja duka lake ni nambari ngapi. Akanijibu bila kuuliza sababu. Akaongeza kwamba nijifunike vizuri, kuna baridi. Nikaandika nambari ileile, haraka haraka, maana miwani yangu ilikuwa imebaki kwenye gari, nikatuma.

Nililala mchana dakika kumi. Nilistahili.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Siku mbaya, iliyojaa wema wa watu.

Nilifika saa mbili nikakuta Bi Odile amefika saa kumi na mbili. Dirisha lina karatasi mpya ya ukungu kutoka juu hadi chini, haina hata kiputo. Aliibandika kwenye baridi ya nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, vidole vyake vikiwa vyekundu kama nyama. Nikamwambia hakuwa na haja ya kujisumbua. Akanijibu, "Reino, mimi naipenda kazi hii. Wewe endelea na mipango yako, mimi nina dirisha la kubandika." Kisha akachukua ufunguo wa gari langu, akautia mfuko wa sketi, akaniweka mbele ya kompyuta. Akasema nitauona ufunguo nikishafaulu.

Katikati ya somo la pili nikasikia kishindo nyuma. Nilitoka nikamkuta Wendell na ngazi. Akasema ameiona kamera yangu inahesabu mawingu, na ana nusu saa ya bure. Nikamshikia ngazi.

Naandika haya kwa shida. Nilikuwa nimeshika ngazi ya mtu niliyemshtaki jana. Alikuwa juu, ndevu zimeganda barafu, anapuliza vidole ili aikaze parafujo yangu, na ananisimulia kwamba mjukuu wake ameanza kusema. Neno la kwanza ni "hapana". Nilifungua kinywa mara tatu nimwambie. Mara ya tatu akauliza kama naumwa jino.

Mtihani: themanini na nne kwa mia. Bi Odile hakucheka wala hakupiga makofi. Alinirudishia ufunguo, akasema, "Nilijua tangu zamani kwamba unaogopa. Ulikuwa unaificha ile kompyuta chini ya kofia."

Nilishukuru, nikaenda stoo nikakaa kidogo peke yangu.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Amekuja. Mkaguzi wa kweli. Bi Kowalchuk, mfupi, buti kubwa, mwendo wa mtu asiyechoka kamwe. Nilimwona anashuka garini, nikangoja avuke kwenda kwa Wendell. Hakuvuka. Alitazama karatasi mkononi, akatazama nambari juu ya mlango wangu, akaingia.

Duka la Wendell ni nambari 14. Langu ni 41.

Alisema amepokea malalamiko kuhusu duka hili. Akayasoma kwa sauti. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwa serikali. Alikagua dirisha, hakuona kitu. Akaenda nyuma, kamera inatazama mlango kama askari. Akaomba vyeti, changu kilikuwa bado na joto la printa. Akafungua stoo, akalinganisha vifurushi na kumbukumbu za Bi Odile, vikalingana mpaka cha mwisho. Akasema hajaona duka safi namna hii tangu Krismasi.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshanyamaza vizuri sana.

Lakini Wendell alikuwa amevuka kuja kuangalia kama tunahitaji chochote, akasimama mlangoni. Bi Kowalchuk akamalizia kusoma, "Raia mwema, mwenye duka la jirani lililo safi sana." Kisha akamgeukia. Akamwuliza kama yeye ndiye mwenye duka la jirani. Akamwambia kutuma malalamiko ya uongo ni kosa, na linaingia kwenye faili la leseni.

Wendell akasema ndiye jirani. Hakusema zaidi. Bi Odile alimtazama kwa jicho ambalo watoto wa shule wa mji huu bado huliota. Wendell akainamisha kichwa akatazama buti zake.

Nikasema, "Ni mimi."

Bi Kowalchuk akauliza mimi vipi. Nikasema mimi ndiye niliyeandika. Akauliza kwa nini mtu ajishtaki mwenyewe. Nikasema sikukusudia kujishtaki, nilikosea nambari. Nilieleza kila kitu, na safari hii aliyenisikiliza alikuwa na masikio mawili mazima. Nilipomaliza nilikuwa na jasho kama niliyetoka sauna.

Aliandika kwa muda mrefu. Akanionyesha: "Malalamiko yametumwa na mmiliki dhidi ya duka lake mwenyewe. Yalikuwa kweli yalipoandikwa. Yamerekebishwa." Akanipa onyo moja la maandishi na kuniacha na leseni yangu. Mlangoni akasema ana miaka kumi na moja kazini na atamsimulia mumewe habari hii kwenye chakula.

Bi Odile alikaa chini. Hakuwa amekaa tangu asubuhi, nikajua kwamba wiki nzima aliogopa kuliko mimi.

Nilipogeuka, Wendell alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Nilimfuata ziwani, kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu. Nilibeba mkate mzima wa iliki. Nilibisha. Akasema kuko wazi. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, tukalitazama shimo.

Nikasema nimekuja kuomba msamaha, na kwamba najua sistahili. Akavuta kamba yake kidogo. Akasema, "Nilijua tangu Alhamisi."

Nikauliza vipi.

"Unanipigia simu kuniuliza nambari ya duka langu. Duka ulilolitazama miaka mitano. Nikajua Reino Lahtela ana jambo, na jambo hilo lina jina langu."

Nikamwuliza kwa nini basi alikuja na ngazi. Alikata mkate kwa kisu cha samaki, akanipa kipande kikubwa.

"Duka lako likifungwa, mji mzima utahamia kwangu," akasema. "Nitavua samaki saa ngapi?" Akatafuna. "Halafu, mtaa ule una watu wangapi wa kuongea nao? Odile anasoma. Nabaki na wewe tu."

Nikauliza kwa nini jana hakujitetea. Akasema alitaka kuona nitafanya nini. Alikuwa amejiwekea kuhesabu kimoyomoyo hadi hamsini. Nilisema alipofika thelathini na nane.

Nilimkamata mkono, tukakaa hivyo kidogo, wazee wawili wenye glavu. Kisha akasema nimeziba shimo kwa kivuli changu na samaki wanaogopa.

Nimerudi na samaki watatu wa ziwani na moyo mwepesi. Nina watu wawili katika dunia hii wanaonijua vizuri na bado huniletea ngazi na karatasi ya dirisha. Wapo matajiri wasio na hata mmoja.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Nimeamka mtu mpya. Nimemwambia Bi Odile kwamba ujanja basi. Kuanzia leo, kazi moja kwa moja, kwa unyofu. Akasema vizuri, akanipa barua iliyofika asubuhi.

Zimamoto wa mji watakagua maduka yote Aprili. Mlango wa dharura lazima ufunguke wote. Wetu unafunguka robo, kwa sababu maboksi kumi na mawili ya kalenda za mwaka jana yamepangwa mbele yake. Bi Odile akasema tuyahamishe, ni dakika kumi, na Wendell yuko hapo nje na toroli.

Nilimshukuru kwa dhati. Nikamwomba angoje. Nimelitazama jambo hili tangu asubuhi kwa utulivu, bila ujanja wowote, na nimechora ramani. Maboksi yatabaki palepale. Tutauhamisha mlango.