Mlio Usiosikika Mchana

Jumapili, tarehe 16

Nimehama! Mwenye nyumba hakuamini macho yake. Miaka yote yeye ndiye anayenifuata. Leo nimemfuata mimi, nikamkabidhi funguo na kudai amana yangu. Kanirudishia shingo upande. Sasa naishi kwenye kigari alichoniachia marehemu mjomba, aliyekuwa akisambaza mikate. Ubavuni bado kimeandikwa MIKATE MOTO KILA SIKU, kwa herufi nyekundu ndefu kama miguu yangu. Sifuti. Rangi ni pesa.

Niweke kumbukumbu sawa, maana siku moja watu watataka kujua nilianzaje. Mwaka jana nilikopa kwa Bwana Taratibu, mkopeshaji, nikanunua miavuli mia mbili. Wazo lilikuwa zuri. Mvua ndiyo haikuja. Dhamana ilikuwa cherehani ya Dada, na sasa cherehani hiyo imekaa dirishani kwa Bwana Taratibu, imefunikwa kitambaa. Nisipolipa mpaka Ijumaa ya tarehe 28, saa kumi na moja jioni, anaiuza. Dada ana oda ya sare sabini za shule. Anashona kwa mkono.

Hesabu yangu ni hii: amana, kodi ambayo silipi tena, na mshahara wa tarehe 25. Inatosha na chenji inabaki. Dada anasema niuze kigari tu, yaishe. Dada ni mshonaji hodari, ila upande wa biashara haoni mbali. Halafu amekataa nilale sebuleni kwake, eti nasaga meno usingizini mpaka wanawe wanaamka. Uzushi mtupu. Mimi mwenyewe sijawahi kuyasikia hata mara moja.

Godoro nimelitandika juu ya maboksi ya miavuli. Raha!

Jumatatu, tarehe 17

Nimeegesha nyuma ya duka la vigae ninakofanya kazi ya stoo. Hatua arobaini na mbili mpaka kazini. Nauli, sifuri.

Saa kumi na mbili asubuhi mlango umegongwa. Mama mmoja na kikapu chake, anataka mikate miwili. Nikamwambia hakuna. Akauliza, sasa umeandika ya nini? Kabla sijapiga mswaki nimeshafukuza watu tisa. Wa tisa alikuwa mzee mwenye fimbo. Kasema vijana wa siku hizi tuna maandishi mengi kuliko bidhaa. Nimekasirika mpaka saa tatu.

Saa tatu na nusu wazo limenijia.

Jumanne, tarehe 18

Nimenunua mikate sitini kwa pesa ya amana. Wateja tisa wa uhakika, na kila mteja ana majirani. Amekuja mmoja. Yule mzee. Ameubonyeza mkate, akasema aliyekuwa na njaa ni yeye wa jana.

Wa pili alikuwa askari wa halmashauri. Huyo hakutaka mkate, alitaka leseni. Faini imekula kodi yote niliyookoa. Mikate wameimaliza wenzangu wa stoo kwenye chai ya saa nne. Huwa wananiita Mkurugenzi. Leo wameniita kwa sauti kubwa zaidi, midomo imejaa.

Sina kinyongo. Wazo halina kasoro. Mtaa ndio mbovu.

Jumatano, tarehe 19

Nimeichunguza gereji ya mtaa wa pili. Ukuta mrefu, lango la chuma, mlinzi, bomba la maji, choo. Hoteli kamili! Kibao langoni kinasema: gari la kuegesha, unalipa kwa siku, gari bovu linalosubiri fundi, bure. Kigari changu hakina ubovu wowote. Basi nikakipa mmoja.

Fundi mkuu wanamwita Daktari. Mtu mzima, mpole, miwani imefungwa kwa waya. Nikamwambia kuna mlio. Mlio gani? Nikasema ni vigumu kueleza. Gari likienda kasi au taratibu? Likiwa limesimama. Injini inawaka? Imezimwa. Akavua miwani. Nikaona nimeshaingia, sirudi nyuma, nikaongeza kwamba mchana mlio hausikiki, unasikika usiku tu, na kwamba itabidi nilale humo humo niuvizie.

Daktari akanishika bega. Kasema miaka ishirini na saba ya kazi hii hajaona mtu anayelijali gari lake namna hii.

Bure! Na choo!

Alhamisi, tarehe 20

Kuna jambo sikulijua kuhusu Daktari. Mlinzi wa lango kanieleza, tena kwa furaha iliyonikera. Hakuna gari lililowahi kutoka gereji hii bila ugonjwa wake kujulikana. Hata moja. Akishindwa kuujua, chakula hakimpiti kooni.

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta ameinamia injini, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni. Mafundi wanne wamesimama pembeni, wamekatazwa kukohoa. Nikamwambia asijisumbue mzee wangu, mimi sina haraka. Kanijibu kwamba yeye anayo.

Jumamosi, tarehe 22

Magurudumu hayapo! Yamepangwa kwenye turubai, na kila nati imewekwa kwenye kopo lake na namba ya chaki. Kigari kimekaa juu ya magogo. Kupanda kitandani nahitaji ngazi, ngazi ni ya mlinzi, na mlinzi ameanza kuongea kama mwenye nyumba. Chai asubuhi, chai jioni, na sukari yake ni vijiko vinne. Nimekubali. Lakini nimemwandika.

Mchana nimekwenda kwa Dada. Yuko kwenye mkeka, vidole viwili vimefungwa plasta, sindano haitulii. Sare kumi na moja tayari, hamsini na tisa bado. Hakunilaumu. Kanipakulia chakula, nikashindwa kula. Nimeumia moyo, naandika bila aibu. Hiyo cherehani aliinunua kwa kushona vifungo vya watu miaka sita. Nimemwahidi kwamba Ijumaa itakuwa mezani pake. Kaniuliza kigari kiko wapi. Nikasema kinahudumiwa, na hapo sikudanganya.

Nilipotoka nikapita dukani, nikakinunulia kigari mapazia ya velveti. Mtu aliyeumia moyo anahitaji kulala vizuri.

Jumatatu, tarehe 24

Jana jioni Daktari kaja na mto. Kasema ikiwa mlio unasikika usiku, basi naye atalala humo. Ningemkataliaje? Tukajibana, mimi upande huu, yeye upande ule. Usingizi ukanichukua hapo hapo.

Asubuhi nikamkuta anacheza uwanjani. Anacheza, mtu mzima! Ameusikia! Anasema ulianza mara tu nilipolala. Krrr, krrr, kama bawaba iliyokauka. Unanyamaza kidogo, unarudi. Ameutafuta kwa tochi chini na juu. Mahali penyewe hajapapata, ila uko ndani, tena karibu sana na kichwa changu.

Nimefarijika mno. Kumbe sikusema uongo! Gari langu nalijua kuliko nilivyodhani. Mlinzi ananitazama kwa jicho la mashaka, lakini mlinzi anajua nini kuhusu magari?

Jumanne, tarehe 25

Mshahara umeingia. Kumbe mwezi uliopita nilichukua sehemu yake mapema, nikasahau. Mhasibu hakusahau. Nikijumlisha faini, mikate, mapazia na sukari ya mlinzi, nimepungukiwa nusu ya deni. Siogopi. Mwenye nusu ameshafika katikati.

Nimepata wazo lililo juu ya yote: kuuza kigari. Sijui kwa nini hakuna aliyelifikiria mapema. Nikatoka kazini mbio, nikafika gereji, kigari hakipo. Yaani kipo, ila kiko kwenye makopo. Injini iko juu ya turubai, vipande vipande. Usukani umelala peke yake. Mlango wa nyuma umeng'olewa, kwa hiyo mapazia ya velveti ndiyo mlango. Daktari kanipungia mkono wenye grisi, kasema nisikate tamaa, amebakiza kidogo.

Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, tarehe 27

Leo nimeumbuka.

Dada kaulizia dukani, wenzangu wakamwelekeza kwa Mkurugenzi. Kaja gereji moja kwa moja. Kasimama mbele ya turubai, katazama makopo, katazama mapazia, katazama mimi nikiteremka ngazi. Kabla sijafungua mdomo, Daktari kamkaribisha kwa heshima zote na kuanza kumweleza ugonjwa wa ajabu. Mlio! Mchana hausikiki! Akamwigizia: krrr, krrr.

Dada kaweka kikapu chini. Kamuuliza baba samahani, huo mlio hukoma ndugu huyu akigeukia ubavu wa pili? Daktari kasema naam, kila mara, mama umejuaje? Dada kasema huo si wa gari. Huyo ni mdogo wangu, anasaga meno tangu ana miaka minne.

Mlinzi kacheka mpaka kakaa chini. Mafundi wameshikana mabega. Daktari peke yake hakucheka. Kanigeukia, kaniuliza taratibu kama ni kweli. Nikajaribu kusema kwamba pengine milio iko miwili. Dada kaniita kwa jina langu lote, na la baba. Nikaeleza: kodi, kibao cha langoni, yote. Nilitamani ardhi ipasuke, ila hata ardhi ya pale ilikuwa imejaa vipuri vyangu.

Nilingoja spana ya kichwa. Daktari kachukua daftari lake, kalowesha kalamu, kaandika mbele ya namba ya kigari: UGONJWA, MWENYE GARI. Kisha kapumua. Miaka ishirini na saba, na bado hakuna gari lililomshinda.

Halafu kadai ufundi wa siku saba, mafundi wanne. Sina. Dada kauliza maboksi yale yana nini. Miavuli. Daktari kaangalia mbingu kavu, kaikubali yote mia mbili kwa huruma tu. Dada kamwambia kigari kiwe kimeungwa kesho kabla ya saa tisa. Hakuomba. Kisha kaondoka bila kunifokea, na afadhali angefoka.

Ijumaa, tarehe 28

Saa tisa kasoro robo kigari kimewaka, mpigo wa kwanza! Hakijawahi kuwa kimya namna hii tangu enzi za mjomba. Kila nati imesafishwa, na hakuna hata moja iliyobaki kwenye kopo.

Dada kaja na mwoka mikate, mama mmoja mnene wa maneno machache. Sare za wanawe ni miongoni mwa zile sabini. Kakizunguka kigari mara moja. Injini hakuuliza. Kasimama ubavuni, kasoma herufi nyekundu, kasema hapa hata rangi sinunui. Kalipa pale pale. Niliandika tarehe 16: rangi ni pesa! Nimemwonyesha Dada ukurasa wenyewe. Hakutaka kuona.

Tukakimbia. Tumefika kwa Bwana Taratibu saa kumi na dakika hamsini, na ndani kuna mwanaume ameshakifunua kitambaa, anazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Dada kasema, ondoa mkono. Sijawahi kumsikia sauti ile. Bwana Taratibu kahesabu noti moja moja, kalamba kidole, kakosea, kaanza upya. Jasho limenitoka mpaka kwenye magoti. Saa kumi na moja kasoro dakika moja kapiga muhuri.

Dada kaibeba mwenyewe. Hakuniruhusu nishike hata kanyagio. Njiani kalia kidogo, kajifuta, kisha kanituma uzi wa bluu, roli nne. Jioni kanitandikia sebuleni. Wanawe wamepewa pamba za masikio.

Jumapili, tarehe 30

Mvua! Imenyesha tangu alfajiri, mvua ya kweli, ya ndoo. Nimepita gereji nikiwa nimelowa chapachapa. Daktari na mafundi wake wako langoni wanauza miavuli, foleni imekata kona. Mlinzi kasimama chini ya mkubwa kuliko yote. Kaniuliza kama nataka mmoja, kwa bei ya wateja.

Lakini mtu asinielewe vibaya, nina furaha kubwa. Nilisema mvua itakuja, na imekuja. Mpango haukuwa na kosa, mwaka ndio ulikosea. Nimepitia na ule wa kigari kwa utulivu. Kosa lilikuwa moja tu: udogo wa gari.

Nyuma ya gereji Daktari ana basi kuukuu. Ugonjwa wake unajulikana, halina injini, kwa hiyo hakuna atakayekuja kulifungua. Viti arobaini na nane! Mimi nachukua vinne vya nyuma, vilivyobaki napangisha kwa watu wanaotaka kupunguza kodi walipe madeni yao. Mapazia ninayo tayari. Daktari anataka taslimu tu, na kanifanya nirudie mara mbili kwamba basi halina mlio.

Bwana Taratibu kanifungulia ingawa ni Jumapili. Kauliza dhamana. Nikamwambia ni ile ile, hana haja hata ya kuja kuitazama. Kacheka. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Naandika haya sebuleni. Dada yuko chumba cha pili, yuko kwenye sare ya thelathini na mbili, cherehani inakwenda bila kusita, na anaimba. Raha iliyoje kumsikia. Nitamwambia akimaliza zote.