Makabati ya Mvinyo na Mkaguzi wa Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Karakana inavuja juu ya msumeno. Barua kutoka hotelini: wanataka makabati kumi na mawili ya kuhifadhia mvinyo, ila mbao zitoke kwenye msitu unaopandwa upya, na mafundi watunzwe kama binadamu. Kwani mimi nawatunza kama nini? Mkaguzi anakuja Ijumaa. Shemeji, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, kapata barua hiyohiyo. Yeye kila mwaka hupanda miti na kupigwa picha na jembe. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi
Mbao zangu zililetwa na mtu asiyependa maswali. Nimechonga mhuri kwa kiazi: mti mdogo wenye majani matatu. Nimezigonga zote. Mke wangu anauliza kiazi kimekwenda wapi. Fundi Mkuu, aliyenifundisha kazi hii, alitazama tu, akakohoa. Vumbi limemkaa kifuani. Nikamwomba Ijumaa asikohoe. Akasema atajitahidi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima barakoa sita kwa mpaka rangi wa magari. Zisichafuliwe, kasema. Kwa hiyo hazivaliwi mpaka Ijumaa. Nimewakaririsha mafundi majibu: wakiulizwa likizo, waseme ipo. Fundi wa msasa akauliza likizo ndiyo nini. Wakaangua kicheko. Fundi Mkuu akaomba tena dirisha lifunguliwe. Nililipiga misumari miaka mitatu iliyopita, kwa ajili ya wezi. Nimelitundikia pazia zuri.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi Mkuu kaanguka kwenye maranda. Midomo ya buluu. Shemeji kamkimbiza hospitali kwa pikapu yake. Mimi nilibaki; vanishi ilikuwa haijakauka. Nikashika randa yake. Mpini umelika, una umbo la kiganja chake. Nikaiweka chini haraka.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi ni mama mtu mzima, mpole, balaa tupu! Kapitisha kidole kwenye mhuri. Mti ukafutika. Akasifu kiungo cha kabati, akauliza nani kakitengeneza, na yuko wapi. Fundi wa msasa akavua barakoa, akatoka nje kabisa ya majibu niliyomfundisha: "Yuko hospitali, mama. Kalazwa kwa vumbi la humu ndani." Mama akaandika muda mrefu. Jioni nikasikia kazi kapewa Shemeji.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda wodini. Fundi Mkuu anapumua kwa mashine. Kasema akipona harudi kwangu. Shemeji kampa nafasi ya kufundisha, amekaa, barazani penye hewa. Fundi wa msasa naye kashahama. Nikataka kumwomba Fundi Mkuu msamaha. Nikajikuta namweleza habari za vanishi. Akageukia ukutani.

Jumapili, 9 Machi
Karakana tupu. Nimekaa peke yangu, nimejitafakari sana. Moyo mzito.
Saa tisa simu imelia. Mgahawa mpya unatafuta rafu za mvinyo zilizotengenezwa na ushirika wa akina mama. Mke wangu, mama mkwe, shangazi wawili: si ushirika huo? Kesho nawakusanya humu ndani kwa picha, kila mmoja na msasa wake. Wasugue kwelikweli, vumbi lionekane. Mama mkwe ana pumu, lakini sura yake inaaminika. Atakaa mbele.