Athuman wa 1959 Afunga Mabao Saba

Jumatatu, 14 Julai

Anyelwisye wa steshenari ya ng'ambo ya barabara ametundika bango jipya: TUNATUNZA SIRI ZA WATEJA. Herufi nyekundu. Mtu ambaye hata karatasi hajui kuikata ikanyooka. Siri gani? Wateja wake ni wanafunzi wanaotoa kopi za mitihani ya zamani na wanunuzi wa kakao kutoka Makwale. Nimecheka peke yangu dukani mpaka mashine ya kopi ikakwama.

Anayejua usiri katika mji huu ni mimi, Ridhwani wa steshenari ya upande huu. Leo nimethibitisha. Nimeamua kununua lile gemu jipya la mpira kwenye duka la mtandaoni. Fomu yao inataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, makazi, simu. Halafu sera ya faragha, kurasa arobaini na sita. Nimefika ya tatu. Wanataka kujua nacheza saa ngapi, na nani, kwa kifaa gani, nikiwa wapi. Ya nini yote hayo? Watakuja msibani kwangu? Wajinga wote wa Kyela wanabonyeza "nakubali" na kujianika kama mpunga kwenye turubai.

Mimi nimewapa taarifa za mtu mwingine. Droo yangu ya kopi zilizoharibika ina vitambulisho vya nusu ya wilaya. Nimechagua cha Mzee Athuman, muuza vitambaa, aliyezaliwa mwaka 1959. Nimemchagua kwa heshima. Ni baba yake Samira, na Ijumaa wazee wangu wanapeleka barua ya posa. Tena simu yake haina tabu. Duka lile hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe, na mzee huniletea simu kila inapomsumbua.

Nimekwenda dukani kwake. Shikamoo, marahaba. Nimemwambia simu za aina ile zinatakiwa kusafishwa ndani. Kanipa bila kuuliza. Nimesoma namba, nimefuta ujumbe, nimemrudishia. Akaniambia mimi ni kijana mtulivu, si kama hawa wanaoshinda na padi za gemu mikononi, na kwamba akiwa hai binti yake hataolewa na mcheza gemu. Nimetikisa kichwa kwa masikitiko. Gemu nimelipia kwa vocha. Neno la siri nimeweka "samirawangu", nikaliandika kwa kalamu pembeni ya kopi ya mzee, nisije nikalisahau.

Jumanne, 15 Julai

Duka limenipa jina la uchezaji lenyewe: Athuman1959. Linaonekana kwa kila mtu, pamoja na mji wako, na saa ulizocheza pia. Imeandikwa ukurasa wa thelathini na moja, ambako sikufika. Hasara yake nani? Si mimi.

Nimemfunga Enoki, mvuvi wa Matema anayejiita bingwa wa pwani yote ya ziwa. Saba bila. Ameniandikia akiuliza mimi ni babu wa nani. Hajui! Huo ndio usiri, si bango jekundu.

Ili nicheze vizuri nimefunga duka saa nane mchana na kubandika karatasi kwamba nimepata msiba. Samira amepita, ameisoma, akanitumia ujumbe wa pole na kuuliza kama tumeshakula nyumbani. Nimeona aibu kidogo. Lakini kipindi cha pili kilikuwa kimeanza.

Jumatano, 16 Julai

Enoki ana mdomo kama mlango wa soko. Ameleta samaki mjini asubuhi, na kila aliyepimiwa samaki amepewa na habari. Baada ya swala ya adhuhuri vijana wamempongeza Mzee Athuman nje ya msikiti kwa mabao saba. Mmoja amemwomba amfundishe kupiga faulo.

Mzee amekuja dukani kwangu na simu. Kumbe lile duka sasa linamwandikia yeye moja kwa moja. "Athuman, jana umecheza kwa muda wa saa sita. Wachezaji kama wewe hupenda pia gemu hili la kulima." Mtu ana ekari tatu za mpunga Talatala, anauziwa shamba la kwenye kioo! Nimemwambia ni matapeli, afute.

Hakufuta. Alisema jina lake amelijenga kwa miaka arobaini, mita moja moja ya kitambaa, na hajawahi kuliona kwenye jambo ambalo hakulifanya. Kitu kimenigusa kifuani. Kikapita. Halafu akaniomba nimtafutie mwizi wa jina lake, maana mimi ndiye mtaalamu anayemwamini, na angependa kuwapokea wazee wangu Ijumaa moyo wake ukiwa umetulia.

Nimekubali. Wapelelezi wengine huhangaika wiki nzima. Mimi mwizi wangu namjua tayari, kilichobaki ni kumtafutia jina.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempa mzee jina la Anyelwisye. Ushahidi: bango. Mtu msafi hatundiki bango. Mzee amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kumtia mtu doa bila kuona kitu kwa macho yake. Huo ndio ubaya wa watu waliozeeka katika uaminifu, wanataka kila mtu achelewe nao. Akaongeza kwamba kesho atauliza steshenari zote, na ataanza na ile ya ng'ambo.

Baada ya ile ya ng'ambo ni yangu. Droo lazima iwe tupu. Kuchoma siwezi, Anyelwisye akiona moshi atakuja na ndoo apate sifa. Nimempa Marta, muuza karanga, furushi zima. Yeye kila wiki huchukua karatasi zangu mbovu za kufungia. Ameshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akaniombea mke mwema. Ushahidi kwisha. Mjini hapa nani anasoma karatasi ya karanga?

Jioni nimeandika barua ya posa. Kwa mkono, kama tulivyofundishwa. Ya kuchapwa haina heshima kwa mkwe, hata kama una mashine mbili. Nimeichana mara nne. Kwa kweli nilikuwa naogopa. Nampenda Samira, na naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Ya tano imetoka safi, kila herufi "s" ina ule mkia wangu ambao hakuna mwingine Kyela anaujua kuuvuta.

Ijumaa, 18 Julai

Mchumbiaji haendi kwenye posa yake. Anakaa nyumbani anasubiri. Nimesubiri. Mjomba Mudathiri amerudi na barua ileile mkononi, amekaa, ameomba maji, amekunywa yote, ndipo akaanza.

Walipokelewa vizuri. Vitenge vipya vilitandikwa. Mjomba huwa hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu, na njiani alinunua karanga za Marta, mafungu kadhaa ya karatasi, akaziweka katikati wazee watafune huku wakizungumza. Mzee Athuman akafungua la kwanza. Akakuta uso wake.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, mbele ya wazee wanne, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, kisha yale maandishi ya kalamu pembeni: Athuman1959, neno la siri samirawangu. Halafu akachukua barua yangu ya posa na kuiweka kando ya kile kikaratasi, akafuata mikia ya "s" kwa kidole, moja baada ya nyingine. Mjomba anasema hakupandisha sauti. Aliomba radhi kwa wageni, akairudisha barua, akawaambia wamalizie chai.

Nimemuuliza mjomba kwa nini karanga. Kwa nini asinunue ndizi kama watu wengine? Mjomba ameondoka bila kuaga.

Jumamosi, 19 Julai

Salma, mdogo wake Samira, ameleta maneno. Dada yake hajali gemu. Alijua nacheza tangu mwaka jana, alikuwa ananifichia. Linalomuuma ni kwamba ili kuficha jina langu nimeuza la baba yake, na kwamba leo sokoni wanawake wawili wamemwita "samira wangu" huku wakitafuna. Barua nyingine nisilete. Anataka pia kopi zozote za kitambulisho chake nilizo nazo. Nimempa Salma tatu, nilizokuwa nimezitenga nyumbani.

Nimekaa nyuma ya mashine na kulia kweli. Mteja amesubiri, amechoka, amevuka barabara.

Mchana Anyelwisye amemsaidia Mzee Athuman kuliandikia duka la mtandaoni. Sera inasema mwenye taarifa akidai zifutwe, zinafutwa. Ukurasa wa arobaini. Kumbe yule kapera ameusoma wote! Hana kazi za kufanya. Athuman1959 hayupo tena, na mabao yake yote yamekwenda. Mzee amempa shukrani na kitambaa cha suruali.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari usiku kucha na kosa nimelipata. Kosa ni kalamu. Mtu mwenye mwandiko mzuri kama wangu hatakiwi kuandika chochote pembeni ya chochote. Yaliyobaki yote yalikwenda sawa.

Enoki anatangaza ufukweni kwamba yule babu amemkimbia. Hilo siwezi kuliacha. Nina vocha nyingine. Fomu ni ileile: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, makazi, simu. Droo ni tupu, nimempa Marta yote.

Ila nilimwambia Salma kopi ni tatu. Ziko nne. Ya nne ilikuwa kwenye pochi yangu tangu mwaka juzi, kwa sababu ya picha, amecheka kidogo upande mmoja wa mdomo. Nimeitazama sana. Nimejaza: Samira binti Athuman, 1999, Kyela.

Namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu yake. Kesho asubuhi nitakwenda kumwambia simu za aina ile zinatakiwa kusafishwa ndani. Angalau nitamwona.