Mpira Unadungwa Sindano Zangu

Wodi ya Wanaume,
Tororo.
Juni 1967

Mheshimiwa Daktari Mkuu,

Kwa heshima zote, nikiwa nimelala chali kwa amri yako, naleta malalamiko. Mimi ni Elphas Opolot wa Molo, muuza samaki wakavu sokoni Busia, niliyeletwa hapa na homa kali. Nimelazwa, ila sijatibiwa. Anayetibiwa ni mpira wa dripu.

1. Mpira huo una kidude kipya katikati, wenyewe mnakiita vali. Saa ya sindano ikifika, Sista Nereah hunipita mimi, mwenye makalio ya kutosha wodi nzima, na kuisukuma dawa ndani ya vali. Mimi sisikii hata mwasho. Dawa isiyouma itajuaje ugonjwa uko wapi?

2. Kwetu mtu akitoka hospitali sharti achechemee. Wakimwona anavuta mguu, watu husema huyu kadungwa barabara, Mungu asifiwe. Mimi nitaingiaje Molo nikitembea kama mtu aliyetoka harusini?

3. Shemeji yangu Matayo alikuja kunijulia hali na kuku wa kuchemsha. Alipoona sindano inakwenda kwenye vali, alinitazama kwa huzuni akasema, "Mpira nakunywa dawa, wewe naangalia tu." Kisha akamla kuku mzima, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hana mdomo.

4. Jumapili mwinjilisti alipokuja kutuombea, aliweka mkono juu ya chupa ya dripu.

Daktari, nasema bila haya: naogopa kufa. Nina mke, Agwang, na watoto ambao bado hawajui kuchagua samaki mzuri. Jumamosi mnataka kuniruhusu, na ugonjwa wangu haujaguswa. Basi ama nidungwe sindano ya kweli, nene, pande zote mbili, mbele ya mashahidi, ama niende nyumbani leo na mpira ubaki kitandani hadi upone.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, wapishi wa hospitali, na mama anayepiga deki.

Wako mtiifu, mgonjwa kwa jina tu,
Elphas Opolot

Nyongeza: Sista Nereah ameisoma barua hii alipokuja kunipima joto, akanikubalia papo hapo. Ameutoa mpira, ameleta sindano yenyewe. Nimeiona. Haya nayaandikia chooni, mlango nimeukomea kwa ndani. Yote niliyosema hapo juu yafute. Tafadhali mwamuru Sista aurudishe mpira na vali yake, na Agwang, aliyekuja kuniona, naye aache kumsaidia kusukuma mlango.