Siku Komite Ilipanguza Pua ya Serikali

Komite ya Hewa Muzuri ya Manika inatangaza, kwa heshima yote, kama ilikosea. Ilikosea juu ya usafi, na kosa ya usafi inakaribia kuwa sifa.

Ingénieur Wivine alitengeneza capteur, kamashini ka kunusa mu mashimo ya bacreuseurs, bachimba-madini, ile gaz ya motopompe, yenye inauaka mutu bila harufu. Ndani muko oxide ya étain, unga ya bati: nyeupe, lakini nzito kusikia sawa mutu wa guichet ya ofisi. Wivine akainyunyizia tupunje tweusi twa madini ya palladium, sawa pilipili juu ya samaki, na ikaamka: ikinusa gaz, inalia.

Asubuhi ya inauguration, siku ya kuizindua, Tata Kyungu, président wa komite, akafungua kifuniko. Akaona madoa meusi.

"Mama Ingénieur, unaleta buchafu mbele ya Serikali?"

"Tata Président, ile madoa njo pua yake."

"Pua inapanguzwaka."

Akapanguza yeye mwenyewe mpaka ikang'ara. Kisha akasoma circulaire, amri ya komite: kuanzia leo, hakuna mutu wa kulalamika juu ya hewa kama capteur haiyalia. Akashuka mu shimo na kravati yake, capteur mukononi, kamba mu kiuno, apumue wa kwanza, bapiga-picha bamuone. Juu, motopompe ya kuvuta maji ya shimo ilikuwa inanguruma, gaz yake inashuka.

Wivine akamwambia Josias, mukubwa wa bacreuseurs: "Shika kamba yake muzuri."

Haikukawia.

"Josias, kichwa inanizunguka."

"Capteur inasema nini, Tata?"

"Inanyamaza."

"Basi hewa iko muzuri."

"Mwana wangu, magoti inalegea."

"Magoti haiko mu circulaire, Tata."

Lakini Josias alikuwa ameshazima motopompe, na wenzake banavuta kamba tangu neno ya kwanza. Banamwacha aseme tu, juu maneno ilikuwa tamu.

Kyungu akatokea, kravati mu mugongo, uso rangi ya majivu. Akakunywa maji, akaamuru: madoa yote ya Ingénieur Wivine ni mali ya Serikali, mwenye kuipanguza atafungwa. Wivine akabeba capteur akaipikie madoa ingine mu four, tanuru yake. Mpaka irudi, shimo inafungwa. Bacreuseurs bakapiga makofi.

"Na ikirudi, Tata?" Josias akauliza kwa adabu. "Programme ya inauguration inasema membres bote ba komite bapumue."

Kyungu akageukia komite yake.

"Bandugu, nani atashuka nayo? Mutu moja tu anyanyue mukono."

Komite nzima ilikuwa barabarani, inatafuta taxi-moto.