Kaunta ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo Baba Mkwe ametangaza. Kagonga kengele ya kaunta, sisi wa nyuma tukatoka na jasho letu, akasema duka linataka tovuti. Madobi wote wa mtaa wa pili wanayo. Mteja anakaa kwake, anabofya, nguo zinafuatwa. Atakayeitengeneza atasimama naye kaunta. Asiyeweza ataendelea na kazi yake.

Wenye nafasi ni wawili. Mimi, na Shemeji, mdogo wa mke wangu, anayeanua nguo na kuzipanga. Mwenzangu wa pasi hayumo. Yeye hata simu yake huwashiwa na watu.

Niko kwenye pasi tangu nilipooa. Nimenyoosha suruali za watu ambao wakinipita barabarani hawanitazami mara mbili. Wanamsalimia Baba Mkwe! Wanamuuliza hawajambo nyumbani, kana kwamba mimi si wa nyumbani. Siombi ufalme. Nataka kusimama pale mbele, upande wa dirisha, mtu akiingia aone uso wangu. Nataka mzee aniulize maoni yangu hata kuhusu bei ya sabuni. Basi.

Jioni nimejiandikisha darasa la kutengeneza tovuti. Nimemkuta Shemeji kwenye orodha. Darasa hilohilo! Ameniiga, ingawa alijiandikisha wiki iliyopita.

Jumatano, 5 Machi

Darasa liko juu ya duka la viatu. Feni moja, inageukia upande wa Shemeji tu. Mwalimu ni binti anayetafuna kifuniko cha kalamu.

Zoezi la leo: iamuru kompyuta ihesabu moja mpaka kumi. Kweli? Mtu mzima na ndevu zangu? Nikaandika chapuchapu ili nimalize wa kwanza. Kompyuta ikaandika moja. Halafu moja. Halafu moja. Skrini nzima moja, moja, moja, hadi mashine ikaanza kuunguruma na kutoa joto kama pasi zetu. Mwalimu akasema nimesahau kuiambia iongeze, kwa hiyo itasimama kwenye moja mpaka kiama. Nikamjibu kwamba hata mtoto wa chekechea akishasema moja haambiwi kinachofuata, sembuse mashine ya bei ile. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, akaenda kuchomoa waya ukutani.

Shemeji alifika kumi salama na kila namba akaipa rangi yake. Nani aliuliza rangi? Kimbelembele.

Njiani akaniambia kwa upole, shemeji, ukitaka tufanye mazoezi pamoja nitakuja kwenu Jumapili. Nikamwambia asante, nina shughuli. Sijazaliwa jana. Anataka kuchungulia kazi yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu! Jirani yangu darasani ni mama mwoka keki, na ukurasa wake umekamilika: picha, fomu ya kuagiza, kila kitu. Nilimsifu mpaka akalainika. Akanipa kwenye flashi, akasema niangalie tu alivyoupanga.

Nimeangalia. Kisha nimeuchukua wote.

Kuna amri moja tamu sana: inatafuta neno popote lilipo na kuweka jingine mahali pake, kwa mpigo mmoja. Palipokuwa na keki nimeweka nguo. Kufumba na kufumbua, tovuti ya dobi! Shemeji amekesha kwa lipi?

Nikamwita mke wangu aone. Alisoma kwa sauti. Nguo zetu ni laini na huyeyuka mdomoni. Agiza nguo ya harusi ya ngazi tatu, tutaandika jina lako juu yake kwa krimu. Nguo iliyobaki ihifadhiwe kwenye friji. Akakaa chini. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga, akaniuliza mishumaa inawekwa kwenye kola au kwenye pindo. Nikamwambia wateja hawasomi, wanabofya. Akaacha kucheka, akasema, mume wangu, si umuulize mdogo wangu akusaidie?

Damu ilinichemka. Hata humu ndani nina upinzani.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemmaliza. Mwanafunzi wa kiti cha nyuma alikuwa amenifundisha siri: bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ukurasa wowote, chagua Kagua, futa maneno ya mwenyewe, andika yako. Hakuna nenosiri, hakuna askari! Nikashangaa dunia inalalaje na milango wazi hivi.

Mchana Shemeji alitoka kuanua mashuka, kompyuta yake akaiacha mezani ikiwa wazi kwenye ukurasa wake. Palikuwa pameandikwa Tunafua kwa Uangalifu. Nikaweka Tunaunguza kwa Uangalifu. Nikarudi kwenye pasi yangu, uso mkavu, nikingoja kilio.

Akarudi. Akaketi. Akagusa kitufe kimoja. Ukurasa ukapepesa, maneno yake yakarudi kama yalivyokuwa. Hata hakushtuka! Aliendelea kumung'unya karanga.

Sasa nimejua ninashindana na nani. Msichana huyu ana walinzi ndani ya mashine. Ana macho kila mahali. Nimeunguza shati la daktari wa meno nikimwangalia.

Jumanne, 11 Machi

Siku njema. Tovuti yangu inafunguka! Niliweka ile programu ya darasani ya kufungulia tovuti kwenye kompyuta ya nyumbani, nikaandika anwani ambayo Mwalimu alituonyesha ubaoni, ukurasa ukatokea na nguo zangu za ngazi tatu. Anwani yenyewe ni 127.0.0.1. Namba fupi, rahisi kukumbuka, bora kuliko ya simu. Kitu changu, kimetoka mikononi mwangu, kiko duniani.

Nilimsikia Mwalimu akieleza jambo refu kuhusu anwani hiyo, lakini wakati huo nilikuwa nakagua kama Shemeji anaandika madokezo. Alikuwa anaandika.

Nikawaza: mwenye kutangaza kwanza ndiye mwenye duka. Nikamfuata mchoraji mabango wa kona ile. Nikamwambia kwamba Baba Mkwe amenituma, na hilo si uongo mkubwa, angenituma kama angejua. Mchoraji akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni namba tu. Nikamwambia apake rangi, mambo ya teknolojia aniachie mimi.

Mlango mzima wa duka sasa umeandikwa kwa herufi nyekundu: TUPO MTANDAONI, 127.0.0.1. Inaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Baba Mkwe alipofika alisimama kuutazama mlango wake kwa muda mrefu. Akasema, haya, tutaona Alhamisi mkionyesha kazi zenu. Kwa mzee yule hiyo ni sifa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika ili nisipasuke.

Siku ya kuonyesha kazi. Baba Mkwe kaunta, amevaa koti. Mke wangu kaja. Wateja watatu na nguo zao. Mwalimu naye yupo, kaja kuchukua gauni lake, bahati mbaya yangu iliyoje. Baba Mkwe akanipa nafasi ya kwanza kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Akaniuliza kompyuta yangu iko wapi. Nikacheka kidogo, cheko la kitaalamu. Nikamwambia, baba, tovuti haibebwi kama jiko, anwani iko mlangoni, inafunguka popote. Nikaomba kompyuta ya Shemeji makusudi, nimwaibishe juu ya meza yake mwenyewe.

Nikaandika namba. Nikabonyeza.

Ukatokea ukurasa wa Shemeji! Rangi zake, mashuka yake, Tunafua kwa Uangalifu! Kwenye anwani yangu, niliyoiandikisha mlangoni!

Nikapiga ukelele. Mwizi! Nikasema huyu mtoto kaingia kwenye anwani yangu, kang'oa kazi yangu, kaweka yake. Nikataja walinzi wake. Nikataja mpaka mambo ya Jumamosi, kwamba nilibadilisha maneno yake yakarudi yenyewe, kwa hiyo ni mchawi wa mashine. Hapo mke wangu akafunika uso. Shemeji alinitazama, macho yakamjaa maji, akasema, shemeji, kumbe uliandika tunaunguza ili kuniharibia? Nilidhani ni wewe unanitania.

Mwalimu akaweka gauni chini. Akaeleza kwa upole, na upole ndio ulioniua. Namba ile si anwani ya mtu yeyote. Kila kompyuta inajiita hivyo yenyewe. Maana yake ni mashine hii hii uliyokaa mbele yake. Ukiiandika kwangu unaona yangu, kwa Shemeji unaona ya Shemeji. Kuipaka mlangoni ni sawa na kuwaambia wateja, karibuni, tupo nyumbani kwenu. Na yale maneno ya Jumamosi niliyabadilisha kwenye kioo tu, kazi yenyewe sikuigusa.

Mteja mmoja akajaribu namba kwenye simu yake. Hakuna kitu. Akajaribu mwingine. Hakuna. Wakatoka nje kuutazama mlango. Niliwasikia wakicheka mpaka kwenye kona.

Baba Mkwe hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba tovuti ni ya binti yake mdogo, kisha akanikabidhi furushi la mashati.

Nimeona aibu. Nasema hivi mara moja na sitarudia. Nilipoinua macho kutoka kwenye pasi, mke wangu alikuwa bado amesimama mlangoni akinitazama, na sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefikiri. Namba moja inayofungua vitu tofauti kwa watu tofauti? Ni nani aliyekubaliana na upuuzi huo? Kosa ni la walioianzisha. Mimi nilikuwa mkweli, niliandika kilichokuwa kwenye skrini.

Mlango umepakwa upya. Namba bado zinaonekana chini ya rangi jua likipiga.

Jumatatu, 17 Machi

Ajabu ya leo. Baba Mkwe kaja mwenyewe nyuma, kwenye mvuke, mahali asipokanyaga. Akasimama kando ya meza yangu. Akashika kola niliyoinyoosha, akaigeuza. Akasema kola kama hii hakuwahi kuiona dukani kwake kabla sijaja, na alipaswa kuniambia zamani.

Kisha akasema Shemeji hataki kaunta. Anataka meza ndogo huku nyuma ashughulikie tovuti kwa utulivu. Yeye ndiye aliyemwambia babake kwamba mimi ndiye ninayestahili kusimama mbele. Akasema, mwanangu, nafasi iko wazi. Mimi mwenyewe hata ujumbe wa simu naandikiwa. Njoo tusimame wote, upande wa dirisha uchukue wewe.

Karibu niangushe pasi. Karibu niseme ndiyo! Lakini nikajikaza. Mshindi anakataaje zawadi yake? Zawadi hiyo lazima ina kasoro. Na kusifia kola, mara hii, baada ya miaka yote? Wananilainisha. Wanataka nisimame pale mbele wateja wanione na kukumbuka mlango.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi siokoti kilichotupwa na wengine. Nitafika kaunta kwa haki yangu, nikishamaliza kozi mpya niliyojiandikisha, ya programu za simu. Mzee akaigusa ile kola tena. Akasema haya, mwanangu, akaondoka taratibu.

Mke wangu nilimweleza. Alitoka, akaenda kukaa na mdogo wake.

Alasiri wamemweka kaunta mwenzangu wa pasi. Yuko pale upande wa dirisha, anasalimiwa na kila mtu. Ameniachia na pasi yake. Sasa ninazo mbili. Wacha waje kunibembeleza.